Somo la pesa: darasa la 10, la 11 au la 12?

Hamjambo nyote huko nyumbani, karibuni tena jikoni kwangu hapa Brooklyn Park, Minnesota. Leo sipiki. Mnaiona karatasi hii? Ni fomu ya binti yangu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao, na inatakiwa shuleni Ijumaa. Yuko darasa la 10.

Jimbo letu lilipitisha sheria mwaka 2023. Walioanza darasa la 9 kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–25 hawamalizi shule ya upili bila kufaulu somo la pesa: bajeti, kodi, akiba, mikopo, riba. Ila linaweza kusomwa darasa la 10, la 11 au la 12. Basi nyumba hii imebishana wiki nzima. Yeye anataka la 12, maana la 11 limejaa kemia na hesabu. Mimi nasema la 11, tena mapema.

Kaka yake alimaliza kabla ya sheria hii. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya dukani, saa 40 kwa wiki mbili, dola 12 kwa saa. Alishapiga hesabu yake ya dola 480, na viatu ameshavichagua. Siku ya malipo akasimama hapo mlangoni, koti bado lina theluji, hati ya mshahara mkononi: "Mama, wamenikata pesa zangu!" Tukaketi, nikaishusha kwa kidole mstari kwa mstari. Hifadhi ya jamii asilimia 6.2. Medicare, matibabu ya wazee, asilimia 1.45. Hapo tu dola 36 na senti 72 zimekwenda, na kodi ya mapato hatujaifikia. Fomu ya W-4, ile inayoamua akatwe kodi kiasi gani, aliijaza siku ya kwanza kazini bila kuelewa inamuuliza nini.

Halafu ikaja kadi ya mkopo. Akatumia dola 900, kisha kila mwezi akawa analipa kile kiwango cha chini, dola 35, akiamini deni linaisha. Riba ilikuwa asilimia 27 kwa mwaka. Hesabuni wenyewe: katika hizo 35, dola 20 zinamezwa na riba. Siku aliyonionyesha nililia, sitawaficha. Mimi mwenyewe nilikuja nchi hii mtu mzima, sijui alama za mkopo, zile zinazoonyesha unavyolipa madeni yako, ni kitu gani. Ningemfundisha nini?

Kuna mama ninayesali naye, yeye anatetea darasa la 10, kwa kuwa sheria inaruhusu kazi nyingi za watoto tangu miaka 14. Ana hoja, na namheshimu. Lakini wengi wa miaka 15 hawajashika hela waliyoitolea jasho. Watakariri riba kwa ajili ya mtihani, likizo ikifika imeshasahaulika.

La 12 ndilo linanitisha zaidi. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa kulipia chuo, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba ya mwaka ule wa mwisho. Mtoto akipangiwa somo nusu ya pili ya mwaka, fomu imeshatumwa zamani. Mkopo wa serikali kwa mwaka wa kwanza wa chuo, kwa kijana anayetegemea wazazi, una kikomo cha dola 5,500. Pengo linalobaki ndipo wakopeshaji binafsi wanapoingilia, naye anatia sahihi kabla hajafundishwa kusoma masharti.

Na ninyi mnaosema haya ni ya Marekani: mtoto wako akifika miaka 18 na kupata kitambulisho, mkopo wa simu uko kidoleni mwake. Nani alimkalisha chini kabla ya siku hiyo?

Binti yangu ataanza kazi Juni, shule zikifungwa. Nataka Septemba aingie darasani na hati yake mwenyewe ya mshahara kwenye begi, amuulize mwalimu kila mstari. Kesho asubuhi nampigia mshauri wa wanafunzi, nimuulize kama kemia inaweza kusogezwa.