Reli Iliyofika Kabla ya Kuanza

Masalkheri, waungwana. Tuko Mombasa, basi nianze na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Sasa karani wangu, mvivu wa wino, aandike 96 na 01. Toa 96 kwenye 01: reli imefika miaka 95 kabla ya kuanza!

Msicheke. Leo ukiiambia Oracle, programu ya kuhifadhi data, isome tarakimu hizo kwa YY, alama yake ya mwaka wa tarakimu mbili, itazitia karne tuliyomo: 2096 na 2001. Makosa yale yale. Ukitumia RR, alama yake nyingine, utapata 1996 na 2001. Miaka mitano ni sawa, karne siyo. Hili la pili ndilo linalonitisha mimi. La kwanza utaliona tu, maana hesabu inakuwa hasi. La pili lapita kwenye ripoti limevaa kanzu safi.

RR, kwa nusu hii ya karne, hufanya 00 hadi 49 kuwa za 2000, na 50 hadi 99 kuwa za 1900. MySQL, hifadhidata nyingine, mpaka wake ni kati ya 69 na 70. Python, lugha ya kuandikia programu, akisoma kwa %y, alama yake ya mwaka wa tarakimu mbili, ni 68 na 69. Kila mtu na kibao chake.

Niliwahi kuhamisha daftari la wanachama wa chama kimoja cha akiba kutoka Oracle kwenda MySQL. Faili lilitoka na miaka ya tarakimu mbili. Mzee wa 1960 akaingia kama wa 2060, na mfumo ukamnyima mkopo kwa kuwa hajazaliwa. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale dirishani, bakora mkononi.

Tangu siku hiyo siiachii programu iamue karne. Naiuliza kila safu ya jedwali: wewe ni tarehe ya nini? Ya kuzaliwa haiwezi kupita leo, kwa hiyo 60 ni 1960. Ya mkataba kuisha, 60 yaweza kuwa 2060 kweli. Mpaka uwe wa kila safu, si wa mfumo mzima. Na ile 60 ya asili naiweka pembeni kama ilivyokuja, kisha tarehe naihifadhi kwa tarakimu nne, 1960-03-14, mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe.

Inabaki 20. Aliyezaliwa 20 yaweza kuwa ni ajuza wa 1920 au mjukuu wake wa 2020, na wote wawili wako hai Mji wa Kale. Hapo sina ujanja. Nafungua fomu ya karatasi, au napiga simu.