Kidonda Hakiponi kwa Sababu Mnakikanyaga

Asante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wameshaanza kunong'onezana, "ataanza tena na cherehani." Naam, naanza na cherehani.

Fundi nguo mmoja, mzee mwenye kisukari cha miaka mingi, aliletwa kliniki na binti yake. Kidonda kiko chini ya unyayo, penye shina la dole gumba, kimezungukwa na sugu nene nyeupe. Binti kabeba mfuko wa rambo umejaa marhamu, antibiotiki, spiriti na bandeji. Daftari limeandikwa vizuri kabisa: kidonda kinasafishwa kila siku, mgonjwa anapumzika nyumbani. Nikamuuliza, "Mzee, unapumzikaje?" Akanijibu, "Nakaa tu, daktari. Sitembei popote. Nashona."

Anashona! Kwa mashine ya kukanyaga! Nikamwomba anioneshe mguu unavyofanya kazi. Akaweka unyayo sakafuni, akakanyaga mbele, akakanyaga nyuma, na kila alipokanyaga mbele uzito wote uliangukia kidondani. Kutwa nzima. Uso wake haukukunjamana hata kidogo, kwa sababu kisukari kimeutia mguu ganzi. Sasa niambieni, marhamu ya bei gani ingeshinda kikanyagio kile?

Hili si jambo jipya. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, alilionesha kwa wagonjwa wa ukoma: nyama yao haikuwa inaoza yenyewe, ilikuwa inapondwa kwa kuwa hawasikii maumivu. Miaka ya 1960, akiwa hospitali ya ukoma ya Carville, Marekani, akaitilia mkazo plasta ngumu inayokumbatia unyayo wote na kupanda hadi chini ya goti, ili uzito usambae badala ya kulundikana sehemu moja. Plasta ile ile ya mfupa uliovunjika, ndugu zangu.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001. Baada ya wiki 12, vidonda vilivyofunga kwa plasta vilikuwa 89.5%. Kwa buti maalumu la kuvuliwa, 65%. Mbona tofauti kubwa hivyo, na buti nalo linapunguza uzito? Utafiti wa 2003 ukatoa jibu: wagonjwa walilivaa buti kwa 28% tu ya hatua zao. Wakifika nyumbani wanalivua. Msiwacheke, hata nyinyi mngelivua. Plasta haivuliki, na hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Namwona dada pale anatikisa kichwa. "Unafunika kidonda wazi wiki nzima, si kitaoza?" Kitaoza ukifunga bila kutazama. Penye usaha, au wekundu unaopanda, usifunge. Mguu usiopata damu, usifunge. Weka vidole mgongoni mwa unyayo, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, tafuta mapigo. Usipoyapata, huyo anahitaji daktari wa mishipa ya damu. Kata sugu kwanza mpaka ufike nyama hai. Plasta ya kwanza ifunguliwe baada ya siku chache, maana uvimbe ukishuka inalegea na kuanza kuchubua. Baada ya hapo, kila wiki moja au mbili. Na msiniambie hospitali ya wilaya haina mtu. Yule anayewafunga plasta watoto walioanguka kwenye miembe mnamwita nani? Mpelekeni akasomee na hii.

"Na mgonjwa atakula nini?" Swali la haki, tena linaulizwa mara chache mno. Mzee wetu mashine yake ilifungwa mpini wa mkono, mjukuu akawa anazungusha baada ya shule. Mguu ukaingia kwenye plasta, kidonda kikafunga.

Mwenyekiti ananionesha saa, basi mengine nayapitia mbio. Kidonda kisicho na dalili za maambukizi hakihitaji antibiotiki. Acheni kuwanywesha watu vidonge kwa ajili ya kujituliza roho. Kidonda cha pembeni mwa mguu, juu ya kifundo, chenye uvimbe na ngozi iliyopiga weusi, mara nyingi ni cha vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni: hicho dawa yake ni bandeji ya kubana, nayo pia pimeni kwanza kama damu inafika mguuni. Msikianike kidonda juani kikauke. Tangu 1962 mtafiti George Winter alishaonesha kwamba ngozi hufunga haraka zaidi penye unyevu. Mashine ya kufyonza majimaji ya kidonda nitaisema siku nyingine, najua mnaipenda kwa sababu ina waya.

Swali moja tu? Asali. Nilijua. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, wa 2023, unasema usiitumie kuponya vidonda hivi. Hapana, mama, hata ya kula usinunue, sukari yako asubuhi nimeiona.