UVIKO-19 haukuishia mapafuni

(Mhadhara kwa wananchi, Masasi, mkoani Mtwara)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliojibanza mlangoni, ingieni, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie korona. Najua wapo wanaojisemea moyoni, "Daktari naye, korona si ilishapita?" Ni kweli Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura imekwisha. Iliyokwisha ni dharura. Kirusi kipo, na waliopitiwa nacho tunaendelea kuwaona kliniki wakiwa na matatizo ambayo wenyewe hawayahusishi kabisa na kikohozi cha mwaka ule.

Kumbukeni Julai 2021. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho, na kila aliyekohoa alisema ni salfa. Wengine kweli ilikuwa salfa. (Kicheko.) Lakini wapo waliokohoa siku chache, wakapata nafuu, wakarudi shambani, kisha mguu mmoja ukavimba na kigimbi kikauma. Au mkono ukafa ganzi na mdomo ukaenda upande. Nyumbani watu wakasema upepo mbaya huo, kapigwa na jini. Sikuja hapa kugombana na mtu kuhusu majini. Nasema tu kwamba kiharusi cha namna hiyo mara nyingi kina bonge la damu ndani yake, na jinsi bonge hilo linavyojijenga tunaifahamu.

Kirusi hiki kina miiba, na miiba hiyo hunasa kwenye kipokezi kinachoitwa ACE2, yaani mlango wake wa kuingilia kwenye seli. Kipokezi hicho kipo puani na mapafuni, lakini kipo pia kwenye utumbo mwembamba, figo na moyo. Kwa kuwa kirusi tunakivuta kwa pumzi, mapafu ndiyo yanayotangulia kuumia. Baada ya hapo kinga ya mwili hucharuka, na ikicharuka kupita kiasi inaanza kumuumiza mwenye mwili. Hapo ndipo mishipa ya damu inapoharibika. Mama zangu mnajua sufuria jipya lilivyo: uji haushiki. Likikwanguliwa ndani, kila unachopika kinaganda. Ukuta wa ndani wa mshipa ukishakwanguka, damu nayo inashika, vinajengeka vibonge, vingine vidogo usivyoweza kuviona kwa macho. Kikienda kwenye pafu, mtu anakata pumzi ghafla. Kwenye moyo ni shambulio la moyo. Kwenye ubongo ndiyo ile kupooza.

Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapasua marehemu 44 waliofariki wakiwa na maambukizi haya. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2022. Chembe za urithi za kirusi zilikutwa sehemu nyingi za mwili, ubongo ukiwemo, na kwa mmoja wao zilikuwapo siku 230 tangu augue. Hawa walikuwa wagonjwa mahututi wengi wao, kwa hiyo aliyeugua mafua ya siku mbili asitoke hapa akidhani ana kirusi kichwani.

Sasa figo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu figo haipigi kelele. Waliolazwa na UVIKO mkali wengi figo zao zilitetereka: oksijeni imeshuka, presha imeshuka, mwili hauna maji, vibonge vidogo vimeziba mishipa yake myembamba. Wengi hupona. Wasiopona vizuri hawajui, maana haiumi. Tunachukua kijiti cha kupimia mkojo, tunakichovya, tunasubiri. Kile kiraba cha protini ni cha manjano; kikigeuka kijani, figo inavujisha kitu ambacho haikutakiwa kukiachia. Nyumbani unaweza kuona povu kwenye mkojo lisilokatika upesi. Na hapa niseme jambo linaloniudhi: mtu figo zake zimechoka, mgongo unauma, anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki, anameza wiki nzima. Anaziongezea figo mzigo zisizouweza.

Sukari nayo. Ugonjwa mkali wowote hupandisha sukari, na huu uliipandisha sana. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethazoni ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Dawa nzuri, ya bei ndogo. Lakini dawa hiyohiyo inapandisha sukari, kwa hiyo kuna aliyetoka wodini amepona kifua na hakurudi tena kupimwa.

Pua itanichukua muda mfupi. Wakati mabibo yanachacha, mtu anapita katikati ya shamba na hasikii harufu yoyote! Kirusi hushambulia zaidi seli zinazohudumia neva za harufu, si neva zenyewe, ndiyo maana wengi harufu iliwarudia.

Kwa watoto kuna hali adimu inayokuja wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi: homa isiyoshuka, macho mekundu, vipele, tumbo kuuma, na moyo kuathirika. Huku kwetu kila homa tunaiita malaria. Kipimo kikisema si malaria, mrudishe mtoto kwa mganga wa zahanati, usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Nimeona mkono wa mzee pale mbele.

"Daktari, mimi nilisikia chanjo ndiyo inayogandisha damu."

Mzee wangu, hujasikia uongo mtupu. Chanjo ya Janssen, ile tuliyoanza nayo nchini Julai 2021, ilikuwa na tatizo la aina hiyo. Marekani walihesabu takriban watu 4 kwa kila dozi milioni 1. Waliofichwa jambo hilo wana haki ya kukasirika. Lakini ugonjwa wenyewe uligandisha damu za watu wengi mno kuliko hao. Uchunguzi wa Sweden uliowafuatilia zaidi ya watu milioni 1 waliougua ulionyesha hatari ya bonge la mguuni hubaki juu kwa miezi 3, na la kwenye pafu kwa miezi 6. Ukiviweka pamoja, mimi naogopa zaidi ugonjwa.

Ndiyo, mama.

"Basi niwe nanywa asprini kila siku, niwahi?"

Hapana, mama yangu. Asprini ina wenyewe. Ukiwa na vidonda vya tumbo inaweza kukutoa damu, na presha ikiwa juu bila dawa, damu inaweza kuvujia kichwani. Njoo Jumatatu asubuhi upimwe presha, sukari na mkojo, na daftari lako la kliniki usilisahau.