Tengo la Pili

Assalamu alaykum. Wazee wangu, dada zangu, na nyie vijana mliojibanza mlangoni, ingieni, viti vipo.

Nimeombwa niseme nanyi, mafundi wenzangu wa mabango, habari ya picha zinazochorwa na akili mnemba. Nianze na mteja. Mwezi uliopita alinijia Ngamiani bwana mmoja anayefungua mgahawa wa samaki. Zamani mtu kama huyo angekaa kwenye benchi, nimwagizie kahawa, anieleze anachotaka, mimi na kijana wangu tumkwaruzie michoro mitatu kwa penseli achague. Huyu hakukaa. Kanitolea simu: "Fundi, picha ninayo tayari, wewe nitolee bango tu." Bei akataka nusu, maana kazi, anasema, imeshafanyika.

Nikaitazama. Machweo mazuri, Mungu anisamehe, mazuri kuliko yangu. Ila ngalawa ina tengo, ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, upande mmoja tu, na zetu zina mawili. Tanga (na tuko Tanga, jamani!) limejaa kusi, upepo utokao kusini, na bendera inapepea kwenda kusini. Jina la mgahawa limeandikwa kwa vitu vinavyofanana na herufi, M ina miguu mitano. Nikamwambia, "Bwana, wavuvi wa Deep Sea wakiliona hili watacheka mpaka samaki waoze."

Mashine haijawahi kupanda ngalawa. Imefunzwa kwa picha zilizookotwa intaneti pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake. Mkusanyiko mmoja, LAION-5B wa mwaka 2022, una anwani za picha zaidi ya bilioni 5, na lugha inayoongoza humo ni Kiingereza. Picha inatiwa chenga, zile za televisheni iliyokosa mawimbi, mpaka isionekane kitu, kisha mashine inafunzwa kuziondoa. Ukiiagiza inaanza na chenga tupu, inasafisha ikiyafuata maneno yako. Sasa niambieni, ngalawa za Sahare zina picha ngapi humo?

Na waliochora hizo zilizookotwa hawakuulizwa. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walizishtaki kampuni za Stability AI, Midjourney na DeviantArt huko California kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi brashi tulishanyang'anywa zamani, zilipokuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Tukalia, tukanunua kompyuta, tukala. Safari hii kilichochukuliwa ni ile michoro mitatu ya penseli, na hapo ndipo mwanafunzi alipokuwa anajifunzia. Mimi nilikwaruza miaka miwili kabla fundi wangu hajaniruhusu kugusa ukuta wa mtu. Kijana wangu akwaruze wapi, ikiwa kila mteja anakuja na simu?

Halafu hiyo nusu bei. Picha nyingi za mashine hizi hutoka na nukta kama 1,024 kwa upande. Itanue iwe bango la mita 3: kila nukta inapata upana wa karibu milimita 3. Ukisimama karibu unaona vigae, huoni samaki. Haina matabaka, huwezi kuinua ngalawa ukaiacha bahari. Herufi unaziandika upya, ngalawa unaichora upya, rangi unazioanisha upya. Siku mbili zimekwisha, na mteja bado anakwambia ulirekebisha tu. Msikubali neno hilo "kurekebisha". Kwenye risiti andikeni kuchora.

Yule bwana nilimtajia bei kamili, akaondoka amenuna. Siku ya nne akarudi. Kumbe alichapisha kwingine, mpwa wake akamuuliza mbona samaki wana miraba. Tukaelewana. Tengo la pili alilichora kijana wangu kwa mkono, baada ya kumtuma Sahare akaangalie linavyofungwa. Alirudi jioni, suruali imelowa mpaka magotini, na daftari amelishika juu ya kichwa.