Mtungi Mmoja, Kazi Nne: Matumizi ya Gesi katika Karavani Iliyo Mbali na Umeme

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika. Mada niliyopewa ni matumizi ya gesi ndani ya karavani, ile nyumba ndogo inayovutwa na gari, inapoegeshwa mahali pasipo na umeme. Nitaizungumzia kama ilivyo hapa Uingereza, ambako yako mashamba mengi yanayoruhusiwa kupokea karavani zisizozidi 5 kwa wakati mmoja, na mengi kati yake hayana zaidi ya bomba la maji na shimo la kumwagia maji machafu. Ukifika mahali kama hapo, mtungi ndio unaopika, unaoendesha friji, unaochemsha maji ya kuoga na unaopasha joto chumba usiku. Kazi hizo nne hazili gesi kwa kiasi kinacholingana, na watu wengi hubana matumizi pale ambapo hapana cha kubana.

Nianze na gesi yenyewe. Mitungi inayouzwa hapa ni ya aina mbili, butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Aliyezoea mtungi wa kilo 6 jijini Dar es Salaam hajawahi kuliona tatizo hili, kwa kuwa huko baridi haifiki kiwango hicho. Lakini asubuhi ya Novemba huko Wales anaweza kufungua valvu ya mtungi wa butani uliojaa, akawasha kiberiti, na asipate moto wowote. Kwa hiyo ninayoyasema leo yote yanahusu propani, na butani tuiachie miezi ya kiangazi.

Swali linalofuata ni namna ya kujua kiasi kilichobaki. Wapo wanaonunua kipimo cha presha wakakifunga kwenye mtungi kwa imani kwamba mshale utashuka kadiri gesi inavyopungua. Hautashuka. Maadamu ndani kuna kimiminika, hata kikombe kimoja, presha hufuata joto la siku ile wala si ujazo: kwa nyuzi 20, propani hukaa kwenye presha ya baa 7 hivi, mtungi uwe umejaa au umebakiwa na robo. Mshale utaanza kuanguka wakati chai yenu imeshakatikia njiani. Kipimo cha kuaminika ni mizani ya kuning'iniza, ile ile mnayopimia mabegi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa karibu na valvu. Ikiwa umeandikwa kilo 8.5 na mizani inasoma 11.7, basi mna kilo 3.2 za gesi, na hakuna la kubahatisha. Pimeni kila asubuhi kwa saa ile ile, na baada ya siku chache mtaufahamu ulaji wa karavani yenu kuliko anavyoufahamu fundi aliyeiuza.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kilo moja ya propani hutoa takriban kilowati-saa 13 za joto. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye jiko la kawaida, tukihesabu na joto linalopotea pembeni mwa sufuria, huchukua gramu 16 hivi, kwa hiyo anayemnyima mwenzake kikombe cha pili cha chai kwa ajili ya gesi anamwonea bure. Tangi la maji ya moto la lita 10 huhitaji gramu 60 hivi kila linapopashwa. Friji ya karavani, inayofanya kazi kwa joto la mwali mdogo badala ya mota, hula gramu 300 hivi kwa siku, zaidi kukiwa na jua kali. Ipozwe nyumbani kwa umeme kabla ya safari, na karavani isimame sawasawa, kwani mzunguko wa amonia, kemikali inayoipoza, hutegemea mteremko wa mabomba ndani yake, nayo friji iliyolala upande huunguza gesi bila kupoza kitu. Upishi hutegemea mpishi. Maharage makavu yakitokota saa mbili yanaweza kula gramu 200. Yakilowekwa usiku kucha na kupikwa kwa sufuria ya presha, hayafiki nusu ya hapo.

Jumlisheni yote hayo na mtapata kama gramu 600 kwa siku, maana yake mtungi wa kilo 6 unawatosha siku 10. Kisha washeni hita. Hita ya kilowati 3 ikifunguliwa hadi mwisho hula zaidi ya gramu 230 kwa saa, na hata ikizimika na kuwaka kwa zamu usiku mzima huenda ikamaliza kilo moja na zaidi. Zile siku 10 zinageuka 3 au 4. Ndiyo maana nasema uamuzi mkubwa uko hapo: kulala na blanketi zito na chupa ya maji ya moto, kushusha hita hadi nyuzi 12 wakati wa kulala, na kufunika madirisha kwa mapazia mazito. Hita nyingi, pamoja na vidhibiti vya friji, huhitaji pia volti 12 za betri. Betri ikifa katikati ya Desemba, wakati paneli za sola hazipati jua la maana, mtabaki na baridi huku mtungi umejaa.

Hapa ndipo penye hatari, na nitasema kwa ukali kidogo. Anayetaka kuhifadhi joto huanza kuyaziba matundu ya sakafuni na ya darini. Ya sakafuni yapo kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo ikivuja hutulia chini na lazima ipate pa kutokea. Ya darini hutoa hewa iliyokwisha kutumika. Yasizibwe hata kwa kitambaa. Jiko la kupikia lisitumike kupasha chumba, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani wala kwenye hema la pembeni, hata makaa yakionekana yamezimika, kwa kuwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. King'ora cha kuitambua gesi hiyo kijaribiwe kabla ya kuondoka. Na mkiwa barabarani, mwali wa friji uzimwe na valvu ya mtungi ifungwe kabla hamjaingia kituo cha mafuta.