Pangani Kabla ya Abushiri

Wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa habari za vita na Wajerumani, atakutajia Abushiri bin Salim, aliyenyongwa humu humu mjini tarehe 15 Desemba 1889. Sawa kabisa. Ila leo naomba tumweke kando Abushiri, maana moto huu uliwashwa na watu wa mji. Yeye alikuja kushika uongozi baadaye.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani hii kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Agosti wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, akamtaka Liwali Abdulgawi bin Abdallah akubali bendera ya kampuni ipepee mjini. Liwali akakataa. Zelewski akaita wanamaji kutoka manowari Carola, wakashuka kumsaka. Ilikuwa Idi Kubwa, ndugu zangu! Wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa wao. Tafadhali msilipite jambo hili haraka. Mji mzima umevaa nguo za sikukuu, na mahali pa kusujudia pamekanyagwa.

Septemba watu walimzingira Zelewski ndani ya nyumba yake. Akaja jemadari wa sultani, Mwingereza Lloyd Mathews, na askari wake. Alimtoa Zelewski, lakini naye mji ukamkataa, akaondoka. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito: Pangani ilimkataa Mjerumani, ikamkataa na mjumbe wa sultani aliyeikodisha.

Huko Ujerumani serikali iliwaambia wabunge kwamba huu ni uasi wa Waarabu wauza watumwa, na Januari 1889 bunge likatoa marki milioni 2. Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann akaajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Lakini mitaani Pangani walikuwamo Washirazi na majumbe wao, Wazigua waliotoka bara na bunduki zao, wapagazi, hata watumwa wa mashamba ya miwa. Inaniuma kwamba hawa hatuwafundishi.

Sasa nina ombi. Mwenye sanduku la babu lenye barua au hati za mashamba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, asizichome wala asiziuze. Tuzipige picha, tuzisome pamoja, karatasi zibaki kwenu. Majina ya majumbe wale huenda yamo humo.