Upande Asiouona Mteja

(Mhadhara kwa mafundi wa kuchomelea vyuma na wanafunzi wao, Goma)

Ndugu mafundi, hamjambo. Wazee wa atelie, nawashukuru kwa kuja. Vijana mliokaa nyuma, sogeeni, maana kuna chuma hapa mezani nataka mkishike kwa mikono yenu.

Leo sisemi rangi ipi ni nzuri. Hayo mnabishania dukani kila siku. Nauliza linalotangulia: uso upi wa chuma upakwe, na upi uachwe? Mteja anakuja na picha ya geti kwenye simu. Anaona upande wa barabarani tu, na sisi tunapiga devi, yaani hesabu ya bei, ya upande huo huo.

Haya, kishikeni. Ni kona ya chini ya geti. Fremu ni bomba la mraba, bati limeshikizwa kwa nyuma na nukta chache za kuchomelea. Mbele rangi bado inang'aa. Sasa geuza. Pale bati linapolalia bomba pana upenyo mwembamba kama wembe, na ndani yake kutu imevimba hadi imelisukuma bati na kung'oa nukta mbili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo lazima isukume. Maji yameingia humo yakakaa, na brashi haipiti. Uso huo ulitakiwa kupakwa antirui, rangi ya kuzuia kutu, kabla ya kuchomelea, kisha upenyo uzibwe pande zote. Ndiyo maana nasisitiza: zungushia alama nyuso za kupakwa kwenye mchoro kabla hujakata hata kipande kimoja.

Hapa Goma tuna jirani mkali zaidi. Gesi ya salfa inatoka kwenye volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, inakutana na unyevu, na mvua inashuka na asidi. Mabati yetu mnayajua. Lakini msidhani uso unaopigwa na mvua ndio unaoumia peke yake. Huo angalau huoshwa. Tazameni chini ya mkono wa ngazi, au sehemu ya juu ya grili iliyofichwa na paa: umande na vumbi vinakaa pale, hakuna kinachoviondoa. Nikipewa rangi isiyotosha, afadhali nipunguze koti moja la mapambo mbele kuliko kuacha nyuma chuma kitupu.

Kingo nazo ni nyuso, ingawa kwenye devi hazihesabiwi. Rangi mbichi huukimbia ukingo mkali, ikabaki utando tu. Piga gerenda ukingo uwe mviringo, kama milimita 2, kisha pitisha brashi kwenye kingo na mishono kwanza, ndipo upake uso wote. Kazi hiyo ilipwe, wazee. Iandikeni.

Kuna pa kuacha bila rangi. Pini ya bawaba inataka grisi. Ulimi wa kitasa, mnajua wenyewe, ukiupaka unakwama, na mteja atakupigia simu usiku. Mahali pa kufunga waya wa ardhini pawe chuma cheupe. Na chuma kinachozama kabisa kwenye zege kiachwe, saruji yenyewe inakilinda na inakishika vizuri zaidi. Hatari iko pale nguzo inapochomoza: chini zege, juu hewa, katikati maji yamesimama. Rangi ianzie sentimita 5 hivi ndani ya zege, ipande juu bila kukatika. Nguzo mnazosimamisha katikati ya mawe ya lava, na mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, imejaza nusu nusu, hizo msizihesabu kuwa ziko kwenye zege.

Alumini haioti kutu, ni kweli. Kanuni za Qualicoat, alama ya ubora ya kimataifa, za kupaka alumini kwa unga wa rangi zinataka mteja ataje nyuso muhimu. Kwenye jengo, kazi ya nje hutazamwa kutoka mita 5, ya ndani mita 3. Huo ni uzuri. Lakini uso wa fremu unaogusa mota mbichi hautazamwi na mtu, na saruji hula alumini. Upake lami au uweke kitu cha kutenganisha.

Naona mkono. Mzee anauliza: ndani ya bomba je? Kama limezibwa kwa mshono kamili pande zote, mzee, liache. Unyevu mpya hauingii. Ukilitoboa kwa ajili ya kitasa au boliti, tayari liko wazi: weka tundu la kutolea maji chini kabisa, na mimina antirui ndani. Ila kazi ikipelekwa kutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, bomba lililozibwa ni hatari ya kuua. Joto pale ni kama nyuzi 450. Hewa na unyevu wa ndani vitalipasua, na zinki ya moto itawarukia walio karibu. Hapo toboa matundu kwenye ncha zote mbili, ndipo upakie garini.